Limuzini ya Daimler ya mwaka 1974 inauzwa Nakuru: je, niinunue kwa biashara ya harusi?

"Fundi, salamu kutoka Kisumu. Nimekuwa dereva wa kampuni kwa miaka 24 na mwaka huu nimestaafu. Kuna mama mjane kule Njoro, Nakuru, anauza limuzini ya marehemu mumewe: Daimler DS420 ya 1974, nyeusi, yenye kioo kati ya dereva na abiria. Bei ni shilingi milioni 2.4. Imelala bandani miaka 9. Broka anasema imetembea kilomita 61,000 tu, injini inanguruma vizuri, ni aina aliyopanda Malkia wa Uingereza, na gari la kale halishuki bei. Anasema spea zikikosekana nitaweka injini ya dizeli ya Toyota. Nataka kulikodisha kwa harusi Kisumu, Siaya na Kakamega kwa shilingi 40,000 kwa siku. Nikishalipa nitaliwasha na kuliendesha mwenyewe hadi nyumbani. Hizi ndizo pesa zangu zote za kustaafu. Niambie ukweli."

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama mahali pawili: pesa zote za kustaafu, na hiyo safari ya kurudi nyumbani. La pesa nitalifikia. La safari haliwezi kungoja. Tafadhali usiliendeshe gari hilo kutoka Njoro hadi Kisumu, hata kama litawaka mara moja na kunguruma kama jipya.

Barabara unaijua. Unapanda Mau Summit, unapita Londiani, unafika Kericho, halafu unaanza kuteremka kuelekea Awasi na Ahero. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kisumu iko kama mita 1,130. Gari hili lina uzito wa tani mbili na ushei, na breki zake hazijaguswa miaka 9. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, hata gari likiwa limelala. Yakiwa mapya huvumilia joto kali sana bila kuchemka. Yakishanywa maji, huchemka mapema, na yakichemka hutoa mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Ndiyo maana pedali inaweza kushika vizuri kutoka Njoro hadi Kericho, kisha katikati ya mteremko ukaikanyaga ikazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Wengi hudanganyika hapo: hujaribu breki langoni, zikashika, wakasema ni nzima.

Daimler hii ina jambo lake jingine. Diski za breki za nyuma hazikai kwenye magurudumu. Zimefungwa katikati, ubavuni mwa difu, lile sanduku la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Waliobuni walitaka kupunguza uzito unaorukaruka pamoja na gurudumu, na ni mojawapo ya sababu za abiria wa nyuma kujihisi yuko sebuleni. Lakini joto la diski huingia kwenye difu, hukausha sili, na oili ikivuja hutua kwenye diski hizohizo. Kuzifikia ni kazi kubwa. Mara nyingi inabidi uteremshe fremu yote ya nyuma. Kwa hiyo fundi asiyelijua gari hubadilisha pedi za mbele, huchungulia za nyuma kwa tochi, kisha hukurudishia ufunguo. Niliwahi kuletewa Jaguar iliyotengenezwa hivyo, nayo ina mpangilio uleule wa nyuma. Ilikuwa imetolewa kwenye majani chai, chini kidogo ya Kericho. Dereva alitoka mzima, na mpaka leo nikimkumbuka namshukuru Mungu. Ukinunua, libebwe kwenye lori, na gharama ya lori uihesabu tangu sasa kama sehemu ya bei.

Sasa tulitazame gari lenyewe. DS420 iliundwa kuanzia 1968 hadi 1992. Walichukua sakafu ya Jaguar 420G, wakairefusha kwa zaidi ya nusu mita, wakajenga juu yake chumba cha kifahari. Ya 1974 ilitoka kwenye karakana ya Vanden Plas, Kingsbury, London. Ina urefu wa mita 5.74 na injini ya silinda sita ya lita 4.2, ya ukoo wa XK ulioanza 1948. Limuzini hii ndiyo iliyokuwa gari la mwisho kutoka kiwandani na injini hiyo. Kwenye nyingi utakuta dereva amewekewa kiti cha ngozi na abiria kitambaa cha sufu. Ni desturi iliyotoka kwenye magari ya farasi, dereva alipokaa nje kwenye mvua na ngozi ikamvumilia. Wewe uliyekaa kiti cha mbele maisha yako yote, nadhani hiyo itakugusa.

Habari za Malkia ni kweli nusu. Jamaa za kifalme za Uingereza, Denmark na Sweden zimezitumia DS420. Lakini ziliundwa zaidi ya 4,000, na wateja wakubwa walikuwa mahoteli, halmashauri za miji, na hasa makampuni ya mazishi. Aina kupandwa na Malkia hakuongezi hata shilingi kwenye gari la Njoro. Kama broka anadai ni gari hilohilo, wapo wanaotunza kumbukumbu za kiwanda huko Uingereza, Jaguar Daimler Heritage Trust. Ukiwapa namba ya chasisi hutoa cheti cha tarehe ya kuundwa, rangi ya kwanza, namba ya injini na lilikopelekwa. Cheti hicho kitakusaidia kuliko maneno ya broka.

Na kwa kuwa nimetaja mazishi, nilimalize, maana kwetu watu watauliza. Magari ya kubebea jeneza yalikuwa na bodi nyingine kabisa. Hili lenye kioo cha kati na viti vya kukunjwa lilijengwa kubeba watu. Ukitaka kulitumia kubebea wafiwa, ni kazi ya heshima na lilizaliwa nayo. Ila chagua moja. Familia ya bi harusi ikisikia kwamba Ijumaa gari lilikuwa matangani Yala, Jumamosi hawatalipanda, na sitawalaumu.

Tuje kwenye kitu unachonunua hasa, nacho ni sakafu. Naliandika hili polepole kwa sababu ndilo linalowala watu. Lori au Land Rover ya zamani ina chasisi, na bodi inakaa juu yake. Bodi ikioza unaitengeneza pole pole. Daimler hii haina chasisi ya kando. Sakafu, mihimili ya chini ya milango na kuta za magurudumu ndizo zinazolishika gari lote lisikatike kiuno. Na kwa kuwa lilirefushwa, kiuno hicho ni kirefu. Kutu ikiila mihimili hiyo kwa ndani, rangi ya juu inaweza kubaki inang'aa kama kioo huku gari limesimama juu ya puti ya kuzibia mashimo na gazeti.

Banda la Njoro lilikuwa na sakafu ya udongo au ya saruji? Uliza. Njoro kuna baridi na ukungu wa asubuhi. Udongo hutoa unyevu usiku kucha, na unyevu huo hupanda moja kwa moja chini ya gari. Kinachoanza kuoza ni mihimili ya chini ya milango, kuta za ndani za magurudumu ya nyuma, na hasa pale mikono miwili ya springi za nyuma inaposhikana na sakafu, mbele kidogo ya magurudumu. Pakioza hapo, ekseli ya nyuma yote inaning'inia kwenye bati bovu. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini uipitishe sehemu za chini za bodi. Isiposhika, hapo kuna puti. Inua zulia la nyuma ugonge kwa kidole. Halafu fanya jaribio ninalolipenda kwa limuzini: fungua na ufunge milango ya nyuma gari likiwa chini, kisha lipigwe jeki pale pa kupigia jeki na ujaribu tena. Mlango uliofunga vizuri mwanzo ukianza kugoma au kukwaruza, bodi inapinda. Mimi ningemshukuru mama, ningenywa chai yake, na ningeondoka.

Injini inakuja baadaye, ingawa wauzaji huanza nayo. "Inanguruma vizuri" haitoshi. XK ikiwa nzima na yenye joto hutoa shinikizo la oili la karibu psi 40 kwenye geji yake kwa mizunguko 3,000 kwa dakika. Ikishuka sana chini ya hapo, jiandae kufungua injini. Na kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalifikirii. Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006. Risasi ile ilikuwa ikilinda viti vya valvu. Bila risasi, kiti huchimbika taratibu, valvu inapanda juu, na ile nafasi ndogo kati yake na kemu inayoisukuma inaziba. Injini hapo hupunguza kelele, ikawa tulivu kuliko kawaida, na mnunuzi akafurahi, kumbe valvu hazifungi sawasawa na karibu zitaungua. Kwa hiyo nafasi za valvu zipimwe kwa kipimo, zisikisiwe kwa sikio. Kwa mwendo wa harusi jambo hili huenda polepole, basi lisikutie hofu. Lipimwe tu kila mwaka.

Tena mwambie broka asiliwashe wala kuligusa kabla ya ukaguzi. Injini iliyolala miaka 9 haina oili kwenye kuta za silinda. Kwanza zifunguliwe plagi, idondoshwe oili kidogo kila tundu, izungushwe kwa mkono, oili ibadilishwe, ndipo ifikiriwe betri. Petroli ya zamani imwagwe yote. Gari hili lina matangi mawili, moja katika kila bawa la nyuma, na bawa hushika uchafu na maji. Tangi moja likitoa kutu, kabureta zote mbili zitasongwa. Rejeta itolewe isafishwe, kwa sababu hedi ni ya alumini, na hapa kwetu watu huongeza maji ya mfereji miaka na miaka. Alumini na maji matupu havipatani.

Kuhusu hizo kilomita 61,000, tazama geji kama imeandikwa maili. Nyingi za magari hayo zinahesabu maili, na maili 61,000 ni karibu kilomita 98,000. Kama geji ina tarakimu tano, huenda imeshazunguka ikaanza upya. Hata kama ni kweli zote, kwangu si sifa kubwa. Gari lililotembea kidogo na kulala sana huja kwangu na mabomba yaliyopasuka, sili zilizokauka, tairi zilizogeuka mbao na waya zilizotafunwa na panya. Tarehe ya tairi utaisoma ubavuni: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Zikikosa tarakimu nne, tairi hizo ni za kabla ya 2000.

Kuna hili la Kisumu pia. Gari lililopangwa kabureta Nakuru, kwenye mita 1,850, likishushwa Kisumu hukuta hewa nzito zaidi. Petroli ni ileile, hewa imeongezeka, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na injini inayochoma hivyo hupata joto zaidi. Sasa lifikirie kwenye msafara wa harusi, saa saba mchana, mwendo wa kutembea kwa miguu kutoka kanisani kupitia Kondele, madirisha yamefungwa ili vumbi lisiguse gauni. Lipangwe upya likifika Kisumu, na liongezewe feni ya umeme ya rejeta. Hiyo ni nyongeza ninayoikubali kwa moyo mweupe, maana siku yoyote inaweza kutolewa. Uliza pia kama lina kiyoyozi. DS420 nyingi hazina; zilijengwa kwa baridi ya London. Bi harusi anayetokwa jasho ndani ya sufu hatakumbuka kingine chochote. Na kabla ya kukubali kazi ya Siaya ndani ndani, kumbuka linahitaji kama mita 14 kugeuka. Lango la boma na udongo mweusi wa Kano wakati wa mvua vinaweza kukuaibisha mbele ya wakwe.

Dizeli ya Toyota, hapana. Nimewaona wanaofanya hivyo kwenye magari mengine na naelewa kwa nini, lakini hapa utaua kitu pekee kinachomfanya mtu akulipe. Mtikisiko wa dizeli utaingia kwenye kile chumba kilichojengwa kwa ajili ya ukimya, na mabadiliko ya injini lazima yaidhinishwe na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kuandikwa kwenye logibuku. Tena huyahitaji. Spea za injini, breki na springi nyingi ni zilezile za Jaguar XJ6 za miaka hiyo, na Uingereza wapo wanaoziuza mpaka leo. Zinazokosekana ni za bodi: kioo cha mbele, vioo vya nyuma, taa, mapambo. Na kwa kuwa Kenya huzuia magari yaliyozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, huwezi kwa njia ya kawaida kuagiza jingine bovu ulibomoe. Kila kioo kilichopo sasa kihesabu kama dhahabu.

Karatasi zisikupite. Mwenye gari amefariki, na mama hawezi kukuhamishia logibuku kwa sababu tu ni mjane wake. Lazima kuwe na hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na aliyetajwa humo ndiye anayekuuzia. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inakataza mtu asiyeruhusiwa kuingilia mali ya marehemu, na anayeingilia anaweza kushtakiwa. Watoto wakitokea baadaye wakisema hawakuulizwa, gari litakaa uwanja wa polisi likinyeshewa. Wakili wa Nakuru aisome hati kabla hujatoa hata amana. Gari nalo litafutwe kwenye kumbukumbu za NTSA, na namba za chasisi na injini zilinganishwe na zilizopigwa kwenye chuma.

Sasa pesa. Tuseme umepata harusi 20 kwa mwaka kwa bei yako ya 40,000. Hiyo ni 800,000. Gari hili hutembea kama kilomita 4 au 5 kwa lita. Kisumu hadi Kakamega na kurudi si mchezo. Bima ya gari la kibinafsi haimfuniki abiria aliyelipa, kwa hiyo utahitaji bima ya gari la kukodisha, na wewe leseni ya kubeba abiria. Kisha matengenezo. Kwa jinsi ninavyoyajua magari haya, hata sakafu ikiwa nzima kabisa, usitarajie kutumia chini ya nusu milioni kabla ya bi harusi wa kwanza kupanda. Sakafu ikiwa mbovu, siwezi kukutajia mwisho. Na harusi haziji kila wiki. Zinajaa Aprili, Agosti na Desemba, na miezi mingine gari linakula bila kuzalisha. Kuhusu gari la kale kutoshuka bei: bei hupanda kwa yaliyotunzwa, na kupanda huko ni karatasi tupu mpaka apatikane mnunuzi. Wanunuzi wa limuzini ya mita 5.74 Kenya hii ni wachache. Ukiugua mwakani ukahitaji pesa kwa haraka, utauza kwa bei atakayotaja yeye.

Kwa hiyo kwa milioni 2.4, na kwa pesa zako zote, ushauri wangu ni usinunue. Ningebadili mawazo kama sakafu imepita ukaguzi, hati ya mirathi iko sawa, na bei pamoja na matengenezo havizidi nusu ya ulichonacho. Hapo ningekuambia nenda, na ningefurahi kwa ajili yako, kwa sababu nayapenda magari haya na yanaoza mabandani Bonde la Ufa lote bila wa kuyasaidia.

Kama unachotaka ni biashara zaidi kuliko Daimler, tafuta Mercedes ya S ya miaka ya 80, ile ya W126, iliyotunzwa. Si adimu kama hili, lakini spea zinapatikana Grogan, Nairobi, mafundi wanaoijua wapo Kisumu na Nakuru, na watu wetu waliotunga neno Wabenzi hawahitaji kuelezwa heshima yake. Njia nyingine ni kuzungumza na mama na wasimamizi wa mirathi, mirathi ikishakamilika. Wao wana gari lisiloingiza kitu, wewe una miaka 24 ya kuendesha watu kwa adabu, na dereva wa namna hiyo ni adimu kuliko limuzini. Mkubaliane kwa maandishi mbele ya wakili: wao watoe gari, ninyi nyote mchangie matengenezo, mapato yagawanywe. Utalijua gari kwa mwaka mzima kabla ya kuamua kulinunua.

Ukaguzi wenyewe usiufanye peke yako, wala kwa picha za simu. Lazima fundi mwenye hoisti, aliyewahi kuteremsha fremu ya nyuma ya Jaguar, aliinue na kulitazama kwa chini. Mlipe kwa siku yake, na asiwe rafiki wa broka. Broka akikataa gari lisiinuliwe, umeshajibiwa.

Kwa ziara ya kwanza, nenda asubuhi, vaa nguo za kazi, chukua tochi, sumaku na mkeka wa kulalia. Mwombe mama ruhusa ya kuinua zulia la nyuma pande zote mbili. Kisha niandikie uniambie umeona nini chini yake, na mihimili ya chini ya milango ilishika sumaku au haikushika. Mpaka hapo, usimpe mtu yeyote amana.